Askari Akirejea Tuala, Ni Nani wa Kumwuguza?

Kila mwaka, ifikapo tarehe 14 Oktoba, Jeshi la Ulinzi la Kenya huadhimisha siku yake, na waliofariki vitani hukumbukwa kwa taadhima wanayoistahili. Nami sina neno dhidi ya heshima hiyo, kwa kuwa nchi isiyowakumbuka waliokufa kwa ajili yake haina haki ya kuwataka walio hai wafe tena. Lakini askari walio wengi hawafi vitani. Hurejea makwao, na miongoni mwao wamo waliorejea na mikono yote na miguu yote, wasio na kovu la kuonyesha wala gongo la kuegemea, ambao hata hivyo ni wagonjwa, na ugonjwa wao haukutengewa siku katika kalenda wala, aghalabu, kitanda katika hospitali iliyo karibu nao. Hao ndio nitakaowasemea leo, na nitawasemea kutoka hapa Tuala, kwa sababu maradhi yao hayakai katika viwanja vya gwaride: hukaa katika nyumba za kupanga, katika vibanda vya chai, katika foleni za maji na malango ya shule, mahali ambapo watu wasio matabibu, yaani mimi nawe, ndio wanaoyaona mwanzo, na ndio wanaoyapa jina baya.

Msomaji asiyeijua Tuala na aelewe kwamba ni mji mdogo wa Kaunti ya Kajiado, kusini ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, baina ya Ongata Rongai na Kitengela, katika ardhi iliyokuwa malisho ya Wamaasai na ambayo kwa miaka ya karibuni imekatwakatwa kuwa ploti za futi 50 kwa 100, zinazonunuliwa na kila mwenye akiba kidogo aliyechoka na kodi za jiji. Mwalimu mstaafu hununua, muuguzi hununua, dereva wa lori hununua, na askari aliyevua sare hununua kwa kiinua mgongo chake. Hujenga vyumba viwili vya mawe, huezeka mabati, huzungushia seng'enge, akafuga kuku na kungojea uzee wa amani. Usiku wa huku ni mzito na wenye sauti zake: mbwa hubweka fisi anapopita, na kwenye maboma ya wafugaji huwaka zile taa za kumwekamweka alizozibuni Richard Turere, mtoto wa Kitengela, ili kuwatisha simba watokao mbugani wasivamie zizi. Mtu mwenye siha njema huyazoea hayo yote kwa juma moja, akalala.

Ninamjua mmoja asiyeyazoea, nami sitamtaja jina, cheo wala kikosi, kwa kuwa siri ya mgonjwa ni amana. Alitumikia Somalia. Taa zile zinazowapa wafugaji usingizi ndizo zinazomnyima yeye wake, maana kila zinapomweka ukutani mwake moyo humwenda mbio, na ingawa akili yake inajua vizuri kuwa ile ni taa ya zizi, mwili wake hausadiki. Mkewe amejifunza kumwamsha kwa kumwita jina akiwa amesimama mlangoni, wala hamgusi asilani, kwa kuwa usiku mmoja alimgusa bega, na mume akaamka na mikono shingoni mwake kabla hajajua yuko wapi. Jioni moja ya masika mvua ya mawe iliangukia mabati ya kibanda cha chai tulimokuwa tumeketi, kwa kishindo kile ambacho aliyewahi kukisikia anakijua. Na kabla hatujainua vichwa, bwana yule alikuwa amekwisha kujitupa chini, kifudifudi, amemfunika kwa kiwiliwili chake mtoto wa mwenye kibanda aliyekuwa akicheza sakafuni, huku akitoa amri kwa watu wasiokuwapo. Mvua ilipopungua aliinuka, akamfuta mtoto vumbi, akalipa chai ambayo hakuinywa, akaenda zake. Baadhi ya waliokuwapo walicheka, na mmoja akasema kwamba jeshi limemharibu kichwa. Hakuna aliyesema kuwa mtu huyu, katika hofu yake kuu kuliko zote, alichokikumbuka kwanza ni kumkinga mtoto asiye wake.

Matabibu wanaujua ugonjwa huo, na wanaujua kwa undani. Chama cha matabibu wa akili wa Marekani kiliuingiza rasmi katika orodha yake ya maradhi mwaka 1980, baada ya madai ya muda mrefu ya askari waliorudi kutoka Vietnam, na tangu hapo umechunguzwa katika kila bara. Tuuite maradhi ya kiwewe. Mtu aliyekabiliwa na mauti, au aliyeona wenzake wakiuawa kwa namna ya kutisha, hurudiwa na tukio lile bila hiari yake, ama katika ndoto za usiku ama katika maono ya mchana yaliyo wazi kiasi cha kumfanya asikie tena harufu ya baruti na ya damu. Akakimbia kila kitu kinachomkumbusha, mtu au mahali au mazungumzo. Akafa ganzi moyoni, asiweze kumfurahia mwanawe wala kumlilia mamaye, akajilaumu kwa kuwa hai ilhali wenziwe wamezikwa. Na mwili wake ukabaki katika tahadhari isiyokwisha, akashtuka kwa mlio wa pikipiki, akaketi daima kwa kuupa ukuta mgongo, akaghadhibika kwa neno dogo, akakosa usingizi. Dalili hizi zikipita mwezi mmoja na zikaanza kuvuruga kazi, nyumba na maisha, hapo tena si huzuni ya kawaida iliyo stahili ya kila binadamu: ni ugonjwa. Na huweza kuchelewa, ukajitokeza baada ya miezi au hata miaka, wakati ambapo kila mtu, na mgonjwa mwenyewe kwanza, amekwisha kusahau kuutafuta huko ulikotoka.

Napenda jambo hili lieleweke barabara, ili katika kumtetea mgonjwa tusije tukamsingizia mzima. Maradhi ya kiwewe hayampati kila aliyekwenda vitani. Askari walio wengi hurejea, wakasumbuka kwa muda, kisha wakapata utulivu wao kwa msaada wa jamaa, wa ibada na wa kazi. Na mwajiri anayekataa kumwajiri mstaafu wa jeshi kwa dhana kwamba lazima ana wazimu anamdhulumu kwa ujinga. Wala anayeugua si mtu wa hatari kwa sababu tu ya kuugua. Aghalabu anayeumizwa kwanza ni yeye mwenyewe, kwa pombe, kwa upweke, na wakati mwingine kwa mkono wake. Na zaidi ya yote, ugonjwa huu una matibabu. Yako mazungumzo maalumu, yanayoongozwa na mtaalamu, ambayo humsaidia mgonjwa kuikabili kumbukumbu yake hatua kwa hatua mpaka ikapungua nguvu, ikawa jambo lililopita badala ya jambo linalotokea kila usiku. Na ziko dawa, kama sertralini, zinazowafaa wengi. Sisemi kwamba wote hupona kabisa. Nasema kwamba wengi hupata nafuu kubwa, na kwamba anayekosa tiba iliyopo kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa ipo ameonewa.

Sisi majirani humwambia nini badala yake? Humwambia amerogwa na watu wa ng'ambo, au amepandwa na jini, au damu aliyoimwaga inamdai. Humwambia ni mlevi tu, kana kwamba ulevi haukuwa na sababu. Na katika maombi ya usiku wako wanaomwekea mikono kichwani na kumpigia kelele mpaka alfajiri, mtu ambaye kelele ndiyo adui yake. Mimi ni mtu wa dini, wala siudharau uwezo wa sala: nimeona sala ikimtuliza mtu aliyeshindikana. Lakini imamu au mchungaji mwenye hekima, anapoletewa mtu aliyevunjika mguu, humwombea kisha humpeleka kwa mfungaji wa mifupa, na sioni kwa nini aliyevunjika usingizi afanyiwe vingine.

Kambini nako kuna ukimya wa namna yake. Askari hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba maumivu hayasemwi, na mafunzo hayo yana maana yake, kwa kuwa kikosi cha watu wanaolia hakiwezi kulinda mpaka. Ila mafunzo yaliyomfaa chini ya risasi humdhuru chini ya paa lake. Anajua kwamba akikiri kuwa halali usiku huenda akanyang'anywa bunduki, akaondolewa katika misheni na posho yake, akapitwa na cheo, na zaidi ya hayo akawa kichekesho katika mesi. Basi hunyamaza, akamaliza muhula, akastaafu, akaubeba ukimya ule mpaka Tuala, ambako hakuna afande wa kuuamrisha na bado anautii.

Wala huu si msiba mpya. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwachukua vijana wa nchi hizi kwa mamia ya maelfu wawe wapagazi na askari dhidi ya majeshi ya Wajerumani yaliyoongozwa na Von Lettow-Vorbeck, na kwa hesabu ya serikali yenyewe wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi wao kwa njaa na maradhi, huku wanahistoria wakiamini kuwa idadi ya kweli ilikuwa zaidi ya maradufu ya hiyo. Mwaka 1915, wakati vita hivyo vikiendelea, tabibu Mwingereza Charles Myers aliandika katika jarida la The Lancet juu ya askari wa Ulaya waliotoka vitani wakiwa wamepoteza kumbukumbu na nguvu ya kuona, ingawa miili yao ilikuwa mizima. Hata huko Ulaya huruma ilichelewa mno: Uingereza iliwapiga risasi askari wake kwa makosa ya woga na utoro, na 306 kati yao hawakusamehewa mpaka mwaka 2006, walipokuwa wamekwisha kuoza. Lakini angalau waliandikwa. Mpagazi aliyerudi Ukambani au Nyanza akiwa anapiga kelele usiku hakuandikwa na mtu. Kisha ikaja Vita ya Pili, na vijana wa King's African Rifles wakapelekwa hadi Burma, wakapigana mwaka 1944 katika bonde la Kabaw, kwenye mvua zisizokatika na malaria. Walirejea wakapewa nishani, na juu ya nafsi zao hakuna aliyeuliza.

Na aliyepaswa kuuliza alikuwa na jibu lake tayari. Hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910, ilisimamiwa tangu mwaka 1938 na J. C. Carothers, aliyekuja kuandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kwamba akili ya Mwafrika imeumbika kwa namna ambayo huzuni kubwa ya moyo ni nadra kwake. Elimu ya leo imeyatupilia mbali madai hayo, lakini nahofia kwamba mabaki yake yangalimo vinywani mwetu wenyewe tunaposema kuwa msongo wa mawazo ni maradhi ya Wazungu na kuwa babu zetu hawakuyajua.

Babu zetu waliyajua, na waliyafanyia kazi. Miongoni mwa Wajaluo shujaa aliyeua adui alinyolewa nywele arudipo, na hakuingia tena katika maisha ya kawaida ila kwa taratibu zilizowekwa. Wakikuyu walikuwa na mganga wa kumtapisha mtu unajisi wake kwa ibada iliyohudhuriwa na watu wake. Na Wamaasai, ambao nchi hii ya Tuala ni yao, wana desturi ya olpul, ambapo wanaume huondoka pamoja na mnyama wa kuchinja, wakakaa porini kwa siku kadhaa wakila nyama na kunywa supu ya mizizi na magome, hata aliyedhoofika akarudiwa na nguvu akiwa mikononi mwa wenzake. Sipendekezi tuyarejeshe yote hayo kama yalivyokuwa. Mengine yamekwisha na yaachwe yaishe. Lakini katika kila moja ya desturi hizo mna insafu ambayo jeshi la kisasa na jamii ya kisasa zimeikosa: kwamba mtu hapaswi kutoka kwenye damu akaingia moja kwa moja kitandani kwa mkewe, bila ya kituo katikati, bila ya watu wa kumpokea na kumwambia mbele ya kadamnasi kwamba amerudi. Leo ndege hutoka Kismayo mpaka Nairobi kwa saa chache tu, na matatu humfikisha mtu nyumbani kabla jua halijatua.

Turudi basi kwenye vita vya zama zetu. Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia mwezi wa Oktoba mwaka 2011, yakaunganishwa na kikosi cha Umoja wa Afrika mwaka uliofuata, na tangu hapo maelfu ya vijana wamekwenda na kurudi kwa zamu. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab waliivamia kambi ya El Adde katika mkoa wa Gedo, wakawaua wanajeshi wetu wengi. Mwezi huo huo ibada kubwa ya kumbukumbu ilifanywa katika Kambi ya Moi, Eldoret, marais wakihudhuria. Lakini idadi ya waliokufa serikali haikuitangaza. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Januari 2017, ikashambuliwa kambi ya Kulbiyow, na hesabu za pande mbili za waliokufa zikapingana. Ninazifahamu hoja za usiri: kwamba adui asipewe cha kujivunia, na kwamba moyo wa jeshi usivunjwe. Siziiti hoja za kipuuzi. Ninachouliza ni nani aliyezilipia. Mama aliyezika alijua kwamba amezika. Adui aliyeua alijua ameua. Aliyefungwa kinywa ni yule aliyenusurika, aliyetambaa kichakani usiku kucha akisikia sauti za wenzake zikikatika moja baada ya moja, ambaye aliporudi alikuta kwamba jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona halina idadi wala simulizi ya wazi, na kwamba kulisimulia kwa jirani pengine ni kuvunja kiapo. Ugonjwa ambao tiba yake ni kusema umeangukia watu walioamriwa kunyamaza. Naamini kwa dhati kwamba serikali, baada ya miaka hii yote, inaweza kuyataja majina na idadi bila ya kumfaidi adui hata chembe, na kwamba kufanya hivyo kungekuwa dawa kwa walio hai kabla ya kuwa heshima kwa wafu.

Liko pia pengo la mamlaka, nalo halikuzibwa. Chini ya Katiba ya mwaka 2010 ulinzi ni kazi ya serikali ya taifa, ilhali hospitali za kaunti na zahanati ziko mikononi mwa kaunti. Hivyo mtu mmoja, mwenye ugonjwa mmoja, huwa wa Wizara ya Ulinzi mpaka siku anapovua sare, na kesho yake huwa wa Kajiado, wala hakuna anayeipeleka habari yake kutoka ofisi moja mpaka nyingine. Jeshi lina hospitali yake Nairobi, na Mathari ipo. Lakini tiba ya maradhi haya hutaka miadi ya mara kwa mara kwa majuma mengi, na mgonjwa wa Tuala huhesabu nauli ya kwenda na kurudi, huhesabu foleni, na juu ya yote hutakiwa kulikaribia tena lango la jeshi ambalo usiku kucha analikimbia katika ndoto. Bunge lilipitisha mwaka 2022 sheria juu ya maslahi ya wakongwe wa jeshi na wategemezi wao, na mwaka huo huo sheria ya afya ya akili ikarekebishwa. Kabla ya hapo, mwaka 2020, jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilikwisha kupendekeza kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la dharura la taifa. Na Januari 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mhalifu kila aliyejaribu kujiua akashindwa, hakipatani na Katiba. Zote hizo ni hatua njema. Ila sheria haitembei yenyewe kutoka Nairobi mpaka hapa.

Ni kitu gani kingetembea? Serikali iliwatuma mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, wenye mikoba ya vipimo, na tunawaona wakipita nyumba kwa nyumba wakipima shinikizo la damu na sukari. Mhudumu huyo yumo tayari sebuleni, ameaminiwa, mke amemkaribisha chai. Afundishwe kuuliza maswali machache zaidi: je, baba wa nyumba hii hulala? Hushtuka? Huota jambo lile lile? Ameacha kuonana na watu? Na akipata jibu la ndiyo, awe na mahali pa kumwelekeza, yaani muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya Kitengela mwenye siku maalumu katika juma, asiyevaa sare ya jeshi na asiyeandika habari kwa jeshi. Hilo si jengo jipya wala mtambo wa mamilioni. Wizara ya Ulinzi kwa upande wake imchunguze kila arudiye kutoka misheni, jenerali na kuruta, akili yake kama inavyochunguza macho na mapafu yake, na imchunguze tena miezi kadhaa baadaye na siku ya kustaafu. Maana uchunguzi unaompata kila mtu haumwaibishi mtu.

Nina neno pia na makampuni ya ulinzi, ambayo huwapenda wastaafu wa jeshi kwa nidhamu yao na huwapa, karibu bila kufikiri, zamu ya usiku. Mtu ambaye kwa miaka kumi ametazama giza akingojea adui, mnampa koti na rungu na kumweka tena mbele ya giza, peke yake, mpaka asubuhi, kwa mshahara mdogo, kisha mnamfuta kazi anapompiga ngumi mwenzake aliyemjia kwa nyuma. Kuna kazi za mchana. Kuna mlango wa kuulizana kabla ya kupangiana zamu. Hamtapoteza kitu kwa kuuliza.

Najua yuko msomaji atakayesema: na raia je? Na wanafunzi walionusurika katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, siku walipouawa watu 148? Na watu wa Mpeketoni, wa Mandera, na Wasomali wa Jubba ya Chini ambao vita vimepita juu ya mashamba yao? Na polisi wanaookota maiti barabarani kila juma? Msomaji huyo amesema kweli tupu, nami simpingi. Maradhi ya kiwewe hayatambui sare, na muuguzi atakayewekwa Kitengela kwa ajili ya askari atamhudumia pia mama aliyevamiwa na majambazi na kijana aliyenusurika ajali ya lori huko barabara ya Namanga. Nimeanza na askari kwa sababu dola ndiyo iliyomtuma, kwa jina letu na kwa kodi yetu, na anayetuma mtu mahali pa hatari huchukua dhamana ya kumpokea.

Wa mwisho kutajwa, na kwa haki angekuwa wa kwanza, ni mke. Yeye ndiye hospitali iliyopo sasa. Ndiye anayewanyamazisha watoto wasipige mlango, anayepokea simu za mwajiri na kutunga udhuru, anayeficha kisu cha jikoni katika usiku mbaya, anayeambiwa na mashoga zake aondoke na na mawifi zake avumilie, wala hakuna katika pande zote mbili aliyemweleza kwamba mumewe ana ugonjwa wenye jina na wenye dawa. Jeshi lilimfundisha mumewe kwa miezi mingi namna ya kwenda vitani. Yeye hakufundishwa hata siku moja namna ya kumpokea. Mikutano ya wazi ya baraza, ambapo chifu na wazee wa Nyumba Kumi hutuita kuzungumzia maji, barabara na simba, na itengewe mara moja kwa mwaka saa moja ya jambo hili, tabibu akaja akasema kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, wake wakakaa mbele, na wastaafu wakaja wakitaka.

Nawe unayesoma, ukiwa na jirani wa namna niliyoieleza, usimcheke na usimkabili kwa maswali ya vita. Msalimu kwa mbele, asikuone ukitokea nyuma yake. Mwambie kabla ya kuchinja na kusherehekea kwamba usiku kutakuwa na fataki. Mgeuzie ukutani taa yako. Akikwambia kuwa amechoka kuishi, msadiki, kaa naye, na mtafutieni msaada siku hiyo hiyo: simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, nayo haitozwi malipo.